Hujamtoa Mshenga

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri, na mtaa wetu umegeuka supu ya matope.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, kati ya duka la Baba huko chini na nyumba yetu huku juu. Juu kumejaa shangazi, chini kumejaa wateja. Hapa napitwa tu na wapagazi wanaopandisha mabunda stoo, kila mmoja ananiambia "dada sogea kidogo," nami nasogea.

Mliozoea nije hapa kulalamika kuhusu umeme na bando, leo mnisamehe. Leo nina hasira. Na nimelia, na bado sijamaliza.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Manka, jina lenyewe linatosha kukwambia kwetu ni wapi. Baba anauza zipu, vifungo na nyuzi za cherehani kwa jumla hapa Kariakoo. Wateja wanamwita Mangi kama Mchaga yeyote mwenye duka, naye anaitika. Mimi nasoma shahada ya pili, na siku zangu nyingi zinaishia kwenye maabara moja mjini, nikichunguza protini moja ndogo ya virusi vya UKIMWI.

Protini. Si virusi.

Hilo neno moja limenivurugia maisha wiki hii.

Kesho Jumamosi wazee wa upande wa Goddy walikuwa waje kupanga mahari. Goddy ni mchumba wangu, Godlisten kwa jina la ubatizo. Posa ilishapokelewa, picha zilishapigwa, shangazi zangu wawili wameshuka na basi kutoka Rombo na wamelala chumbani kwangu, wanakoroma kwa kupokezana. Madumu ya mbege, pombe yetu ya ndizi, yapo kwenye korido, ukipita lazima uyakwepe. Halafu jana ikaja habari kwamba hawaji mpaka niache kazi. Jibu lilitakiwa leo kabla ya magharibi.

Nimeisoma tena hiyo sentensi ya kuacha kazi na bado haijanipendeza.

Ngoja nieleze ilivyoanza. Kwa desturi mambo ya posa yana mlango mmoja tu, nao ni mshenga. Wetu ni Baba Upendo, mzee wa kanisa mwenye kibanda cha spea kule mtaa wa Gerezani, mtu mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Wao wakiwa na neno wanampa yeye, sisi tukiwa na neno tunampa yeye. Wakwe hawapigiani simu hovyo. Hata mimi na Goddy, Mama alinikalisha chini akaniambia: ongeeni mapenzi yenu, lakini ya vikao waachieni wazee, mkianza kubishana nyie mtaharibu. Tukatii. Tulitii mpaka tukapitiliza.

Sasa Baba yangu, nampenda sana, lakini mdomo anao. Jumatano sijui aliamka na furaha gani, akampigia baba yake Goddy moja kwa moja. Anasema alitaka kumsalimia tu. Salamu ikawa ndefu, ikafika kwenye habari za binti, na hapo Mangi akashindwa kujizuia. Eti binti yangu huyu si mchezo, kila siku anashika virusi vya UKIMWI kwa mikono yake hii hii na wala haogopi!

Kwake ilikuwa sifa. Alisema kama mzazi mwingine anavyosema mwanangu ni rubani.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema. Hawakusema kwamba mdomo unaweza kuwa wa baba na kichwa kikawa cha binti.

Jana Baba Upendo akaja dukani. Baba akamfungulia soda, mzee akaishika tu mkononi, hakuinywa. Mshenga asiyekunywa soda hajaleta heri, hilo hata mimi nililiona nikiwa kule nyuma napanga vifungo. Akasema taratibu, "Mangi, wenzetu wanaomba binti aiache kwanza ile kazi. Akishaiacha, watakuja." Baba akauliza nani hasa kasema. Baba Upendo akajibu, "Wamesema wao."

Wao. Mshenga hatoi majina, ndivyo kazi yake ilivyo. Maneno ya watu wanne yakifika kwake yanatoka yakiwa na mdomo mmoja. Mpaka jana niliona ni busara.

Usiku wote Baba alikuwa akiguna. Anajiona yeye ndiye aliyeniharibia.

Basi nami niseme ninachofanya huko kazini, maana nimegundua hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wananiuliza kama nalipwa vizuri. Wananiuliza kama kuna kiyoyozi.

Kwenye friji yetu hakuna virusi hata kimoja. Kuna protini iliyotengenezwa na bakteria wa kawaida wa maabara, na kuna nyuzi za vinasaba zilizoundwa kwenye vichupa. Ukivinywa vyote kwa pamoja utaumwa tumbo kwa sababu ya chumvi, basi.

Virusi vya UKIMWI vimeandika habari zao zote kwenye uzi wa RNA. Vikiingia kwenye seli ya mtu, lazima uzi huo unakiliwe uwe DNA, ndipo vijipenyeze kwenye vinasaba vyetu na kukaa humo kama mpangaji asiyehama. Kipo kimeng'enya kinachonakili, na ndicho kinachojulikana, dawa nyingi zinakipiga hicho. Lakini kimeng'enya hicho kina tabia moja: hakiwezi kuanza patupu. Kinataka kiwekewe kwanza kipande kifupi cha kuanzia, kilicholala juu ya uzi mrefu, mahali pake hasa, herufi kwa herufi. Na kipande hicho virusi havina. Vinakichukua kwetu, ndani ya seli ile ile vinayoishambulia.

Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisema khaa, mwizi huyu!

Tatizo ni kwamba uzi mfupi na uzi mrefu haziko tayari kulaliana. Kila mmoja umejikunja wenyewe kwa wenyewe, umejifunga mafundo yake, umeridhika. Waulize mafundi cherehani wanaonunua kwa Baba, watakwambia uzi ulioachwa ovyo kwenye mfuko unakuwaje. Ukizichemsha karibu na kutokota kisha ukaziacha zipoe, mafundo yanafunguka na zinakutana. Lakini ndani ya mwili wa mtu hakuna wa kuzichemsha.

Hapo ndipo inaingia protini yangu. Ni ndogo mno, ina vidole viwili vilivyoshikilia madini ya zinki, na mwili wake unanata kwenye nyuzi. Inalegeza mafundo ya huyu, inalegeza ya yule, inawasogeza. Wakishikana vibaya, mahali pasipo pao, inalegeza tena, wanaachana, wanajaribu upya mpaka wapate kule wanakolingana kweli. Yote hayo kwenye joto la kawaida la mwili. Na baadaye, kimeng'enya kikinakili mpaka kikafika mwisho wa uzi na kulazimika kurukia upande mwingine, protini ni ile ile tena, inasogeza, inalinganisha. Yenyewe haiandiki chochote. Haikati, haiungi.

Nilipotakiwa kuieleza kwa Kiswahili mbele ya wageni, nikaiita mshenga. Sikupata neno zuri zaidi, na sijalipata mpaka leo.

Na tunataka kumzuia. Tunajaribu vitu mbalimbali tuone kipi kitamnyang'anya zile zinki, vidole vilegee, asiweze tena kukutanisha mtu. Kipande cha kuanzia kisipolala mahali pake, kunakili hakuanzi, na virusi vimekwama mlangoni.

Watu wangependa niseme niliingia huko kwa sababu ya ndugu aliyekufa. Ndugu waliokufa ninao, kama kila mtu Bongo. Lakini sikuingia kwa sababu hiyo. Naipenda tu hii kazi. Napenda kwamba kitu kidogo hivyo kina akili hivyo, na napenda kuwa mtu anayekitafutia dawa yake. Sina hadithi ya kumliza mtu hapo.

Asubuhi ya leo nikaenda maabara hivyo hivyo, kichwa kimevimba. Nilikuwa na jaribio la kuendesha kwenye jeli. Jeli ni kipande laini chenye vishimo upande wa juu, unatia sampuli kwenye vishimo, unawasha umeme, nyuzi zinatembea kushuka chini. Uzi mfupi ukiwa peke yake unakimbia mbali. Ukiwa umelaliana na ule mrefu, unabaki nyuma pamoja nao. Ndivyo tunavyojua nani kapatana na nani.

Nikaiangalia picha ilipotoka. Hakuna kilichotembea. Kila kitu kimeganda juu kabisa, kwenye vishimo, donge tupu.

Nikaanza kujihoji, protini imekufa? Umeme? Nyuzi zimeoza? Na Jumatatu natakiwa kuonyesha haya majibu, kama bado nitakuwa nina kazi.

Hetal akaja kuchungulia. Hetal ni mwenzangu wa maabara, Mhindi wa Kisutu, Kiswahili chake cha mtaani kinanishinda mimi niliyezaliwa Kariakoo. Akatazama mara moja tu.

"Oya Manka, hujamtoa mshenga."

Ni kweli. Kabla ya kutia sampuli kwenye jeli lazima uiondoe ile protini kwa sabuni maalumu, maana inanata. Ukiiacha inashika nyuzi zote kwa pamoja, zilizolingana na zisizolingana, na ukiangalia donge huwezi kusema nani kashikana na nani. Unaiondoa kwanza. Zile zilizopatana kweli zinabaki zimeshikana zenyewe. Zile zilizokuwa zimeshikiliwa tu zinaachana. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na nimelifanya mimi.

Tukacheka wote wawili.

Sipendi watu wanaogeuza sayansi mahubiri. Jumapili nasikia mahubiri ya kutosha. Lakini nilikaa pale nikajiuliza kitu cha kawaida kabisa: Goddy mwenyewe anasemaje? Tangu jana wanasema wao, wanaomba wao. Baba analia na wao, Mama ananihurumia kwa ajili ya wao. Na Goddy kanitumia "umelalaje mpenzi" na emoji ya ua.

Nikamwambia Hetal. Akasema kwao hata nyota za angani zinaulizwa kabla ya ndoa, sembuse bwana harusi mwenyewe. "Kamuulize, bwana. Hii jeli nitairudia mimi, safari hii na sabuni."

Nikavua koti la maabara nikaenda kwa Goddy mtaa wa Posta, kwa miguu, mwavuli umegeuka nje ndani.

Goddy anafanya kazi kwenye ofisi ya bima, ghorofa ya juu. Akashuka na kitambulisho shingoni, akanikuta pale chini kwa walinzi natiririka maji. Nilifurahi kumwona. Niliandike hilo nisije baadaye nikajidai kwamba moyo wangu ulikuwa umeshajua. Nilimwona tu nikafurahi, nikataka anikumbatie tumalize.

Nikamuuliza. Akapangusa paji la uso. Akasema, "Manka, unamjua Mama. Ameshikwa na hofu. Sasa mimi ningefanyaje?"

Nikamuuliza alimwelezaje kazi yangu.

"Nilimwambia ni mambo ya maabara."

Mambo ya maabara! Nikamwambia mweleze hakuna virusi. Akasema wazee hawaelewi hayo, atamtuliza polepole, mimi niache tu kwa sasa, mwakani tutaona. Kwani pale dukani kwa Mangi kazi zimeisha? Akacheka kidogo ili nami nicheke.

Sikucheka, lakini nilimwamini. Niliondoka pale nikiwa na hasira na mama yake peke yake. Nikasema moyoni, kama tatizo ni mama, na nimeshavunja mwiko mmoja leo, ngoja nivunje na wa pili.

Mama yake Goddy anauza masweta ya mitumba Mchikichini. Nilichukua bodaboda, dereva akanipa nusu ya turubai lake. Sokoni maji yalikuwa yanapita chini ya meza, watu wamefunika marobota kwa nailoni, biashara hamna. Nilimkuta amekaa juu ya robota, anakunja masweta aliyokwisha kuyakunja.

Mkwe mtarajiwa haendi kwa mama mkwe bila kutumwa, amelowa chapa, siku moja kabla ya kikao. Najua. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, akanitazama kuanzia juu mpaka kwenye viatu, akachagua sweta moja zito akanitupia begani.

"Utaugua," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimepanga maneno njia nzima. Yeye akawahi.

"Mwanangu, nikuulize kitu usinichukie. Hivyo vitu vya huko kazini kwenu, vinaweza kuja na nguo? Maana kesho na keshokutwa utakuwa na mtoto, utatoka kazini utambeba."

Hilo tu. Nikamweleza. Nilichukua masweta yake nikamwonyesha uzi uliojikunja na uzi ulionyooka, nikamwambia kuna kitu kinachozikutanisha, na kwamba sisi tunacho hicho kitu kimoja tu, virusi vyenyewe havipo, ni kama kuwa na mlango wa basi bila basi. Alisikiliza vizuri kuliko baadhi ya wageni wenye tai niliowahi kuwaeleza. Akauliza kama kweli dawa itapatikana humo. Nikasema sijui mama, ndiyo tunatafuta. Akasema Mungu awasaidie.

"Basi. Nilitaka kujua hilo. Kuuliza si ujinga."

Nikamwambia, lakini mama, nimeambiwa niache kazi.

Mikono yake ikasimama.

"Na nani?"

Nikasema Baba Upendo ametuletea, kwamba upande wenu wameomba. Akasema yeye hajaomba. Baba yake Goddy naye hajaomba, yeye alifurahi sana na ile simu, amewasimulia jamaa zake wote wa kwaya. Yeye kama mama alimwambia Godlisten jambo moja: amuulize mwenzake kama vile vitu vinakuja na nguo.

"Akaniambia, Mama usihangaike, hiyo kazi ataiacha. Nimeshapanga."

Nimeshapanga.

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka mvua kwenye nailoni. Nakumbuka alinishika mkono akasema, "Ooh, mwanangu," na kwamba aligeuka upande akaanza kukunja tena sweta lile lile. Yeye ni mama yake, angesema nini zaidi.

Nilimpigia Goddy nikiwa nimesimama pale pale kwenye maji. Nikamwambia niko kwa mama yako. Nikamwambia rudia tena ni nani aliyetaka niache kazi. Nasikia printa za ofisini kwao. Halafu akasema, na sauti yake haikuwa hata ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyechoka:

"Ningekwambia mwenyewe ungekataa."

Kwa hiyo akampa mshenga. Kwa hiyo Baba yangu hakulala usiku kucha, anajilaumu kwa simu ambayo wenzake wameifurahia. Kwa hiyo mimi nilienda Posta nikarudi namchukia mama wa watu anayeuza masweta. Alijua wakisema wao sitabisha, kwa sababu nani anabishana na wao?

Nilikata simu.

Nampenda. Naandika hivi waziwazi kwenye ukurasa unaosomwa na watu nisiowajua, kwa sababu kesho ndugu zangu wataanza kusema hakuwa mtu wa maana, na mimi nitashawishika kukubali ili maumivu yapungue. Alikuwa mtu wa maana. Alinisubiri nje ya mitihani yangu yote. Ananichekesha kanisani mpaka natolewa macho. Na ananipanga kama unavyopanga safari ya mzigo.

Nilifika hapa nyumbani kabla jua halijazama, ingawa jua lenyewe halikuonekana leo. Baba Upendo alishafika kuchukua jibu, amekaa kwenye kiti cha wateja, kofia mapajani. Baba amesimama nyuma ya kaunta. Kwa utaratibu nilipaswa kupanda juu nimwambie Mama, Mama amwambie Baba, Baba amwambie mshenga. Nikasema shikamoo Baba Upendo, akaitika, na nikasema pale pale mbele ya mteja mmoja aliyekuwa anachagua zipu za suruali.

"Kazi siachi. Na kesho wasije."

Baba Upendo akamtazama Baba. Maskini, sidhani kama amewahi kupewa jibu na binti mwenyewe. Baba akatoka nyuma ya kaunta, akanishika mabega. Akasema kama ni ile simu yake, yuko tayari kwenda kwa wale watu leo hii, na mvua hii, akawapigie magoti.

Nikamwambia si simu yako, Baba. Wenzako wameipenda simu yako. Nikamweleza yote, kuanzia Posta mpaka Mchikichini, na nilipofika kwenye lile neno Goddy alilomwambia mama yake, Baba alikaa chini juu ya bunda. Hakunikatiza hata mara moja, Mangi huyu ambaye hujamaliza kumsalimia ameshakujibu.

Baba Upendo akauliza, "Nifikishe hivyo hivyo, mwanangu?"

Hivyo hivyo, nikasema. Akavaa kofia akaondoka. Yule mteja naye akaondoka bila zipu.

Nikaja kukaa hapa kwenye ngazi. Hetal ametuma picha ya jeli mpya. Sampuli ambayo haikuwahi kutiwa protini, nyuzi hazikupatana. Sampuli iliyotiwa protini kisha ikatolewa, zimepatana vizuri, mstari mmoja safi. Nimemwambia asante. Jumatatu nina kitu cha kuonyesha, na nilitegemea ningefurahi zaidi.

Huko juu Mama ameshaambiwa. Nasikia shangazi mkubwa akishangaa kwa sauti ya watu wa milimani: mwanaume mzima, mrefu, ana kazi Posta, anaachwa kwa ajili ya protini? Si wanasema protini ipo hata kwenye maharage? Shangazi mdogo anauliza sasa haya mandizi yote ya mtori yatakuwaje, na nyama, na ile mbege itachacha.

Nilijua Mama atasema nimemwaibisha. Nilijiandaa.

"Endeleeni kumenya," nikamsikia anasema. "Kesho tutakula wenyewe."

Sijui kama amenielewa au ameamua tu kusimama upande wangu mpaka aelewe. Nimelia zaidi kwa hilo kuliko kwa Goddy.

Simu yangu inaita. Ni Goddy, ameshapiga mara nyingi sana sasa. Sipokei. Nabaki na swali moja tu, na ningependa anayesoma hapa anisaidie, kwa sababu mimi nimeshindwa. Anasema angeniambia mwenyewe ningekataa. Nami kila nikijihoji, sina uhakika. Angekaa na mimi akaniambia Manka, naogopa, hutakuwa na muda na mimi, hutakuwa na muda na mtoto, nadhani tungegombana wiki nzima. Labda baada ya hapo tungepata njia. Labda ningepunguza saa, labda yeye angejifunza kupika. Je, ningekataa kweli?

Sijui. Shangazi ananiita nikashike kisu, ndizi bado nyingi.